Etymonline kwa kufundishia Kiingereza Wavietnam hapa Dar: naipa nyota nne na nusu

Wadau, kuna kitu nimekuwa nakisifia kwa mdomo muda mrefu, sasa nimeona nikiandike kabisa ili mtu akiniuliza tena niwe namtumia linki tu. Ni tovuti inaitwa Etymonline, ipo pia kama aplikesheni ya simu, na kazi yake ni moja, unaandika neno la Kiingereza yenyewe inakuambia hilo neno limetoka wapi, mwanzo lilikuwa na maana gani, limepita kwenye lugha za kina nani mpaka likafika hapa lilipo. Basi. Haikufundishi sarufi, haikupi mazoezi, haina vile vikatuni vya kukupigia makofi ukipata swali. Tovuti unaisoma bure, hujisajili, huombwi namba ya simu. Mwenye kazi hii ni Douglas Harper, Mmarekani wa Pennsylvania, aliianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa muda mrefu amekuwa akiikusanya mwenyewe neno kwa neno kutoka kwenye makamusi makubwa ya zamani. Mtu kama huyo nampa heshima yake kabla sijasema lolote.

Sasa kwanini Wavietnam. Kwa ambao hamjakutana nao, hapa Dar wapo. Viettel ya kule kwao ndo wamiliki wa Halotel, walianza kutoa huduma hapa 2015, halafu upande wa pili kuna korosho, maana Vietnam ndo wabanguaji wakubwa duniani na korosho ghafi nyingi wanazitoa Afrika, zikiwemo zetu za Mtwara na Lindi. Kwahiyo unakuta mafundi wa mitambo, wahasibu, wanunuzi wa korosho na familia zao, na wengi wao wanatafuta tuisheni ya Kiingereza jioni baada ya kazi. Kiswahili cha sokoni wanakiokota wenyewe, "shingapi", "punguza", "nipe nyingine", hicho hawahitaji mwalimu. Kinachowasumbua ni Kiingereza cha barua pepe, mikataba na vikao. Mimi wananiita cô, ndo wanavyomwita mwalimu wa kike, na cô hiyo hiyo kwao ni shangazi, kwahiyo somo zima mimi ni shangazi yao na nimeshazoea, hata napenda.

Wanafunzi wangu ni watu wazima, na mtu mzima kukariri ni kazi. Anakuja na kaunta buku, kushoto ameandika neno la Kiingereza kulia Kivietnam, ukurasa umejaa kwa mwandiko mzuri kabisa, afu wiki inayofuata ukimuuliza amebaki na maneno machache tu. Sio kwamba hana akili. Neno limeingia kichwani halina pa kushika. Aplikesheni za kutafsiri zinampa neno kwa neno, hili sawa na lile, halafu anaendelea na maisha. Mimi nilikuwa natafuta kitu cha kulifanya neno liwe na stori, stori ya kweli siyo ya kutunga, na hapo ndo Etymonline ilipoingia kwenye kazi yangu na haijatoka tena.

Ngoja niwaonyeshe na neno salary, kwasababu hili ndo lilinifanya niamini. Kila mfanyakazi analijua, kila mfanyakazi analisubiri. Ukiliandika pale unakuta limetoka kwenye Kilatini salarium, likapita Kifaransa cha zamani, na ndani ya salarium kuna sal ambayo ni chumvi. Maelezo yake yamewekwa kwa tahadhari, inakwambia inasemekana mwanzo ilikuwa ni hela ya askari ya kununulia chumvi, haikwambii kwamba askari wa Roma walikuwa wanapanga foleni kupokea magunia ya chumvi kama ile meseji inayozunguka WhatsApp. Hiyo "inasemekana" yao naithamini sana, inamfundisha mwanafunzi kwamba hata kwenye asili ya maneno kuna lenye ushahidi na kuna linalosemwa tu.

Nikawaelezea hivyo, chumvi, hela ya chumvi, mshahara. Yule kaka mhasibu, mtu mkimya anayeongea akiwa na uhakika tu, akaweka kalamu chini akasema kwao mshahara ni lương, na lương hiyo hiyo ipo kwenye lương thực, yaani chakula, nafaka, ile posho ya chakula ya wanajeshi wa zamani, neno lenyewe limetoka kwa Wachina. Mimi nikamwambia kwetu ni mshahara, limetoka kwenye Kiarabu shahr, mwezi, kwasababu unalipwa kwa mwezi. Basi ikawa kelele mle ndani. Mzungu ameita hela yake kwa chumvi, Mvietnam kwa nafaka, sisi kwa mwezi. Tukakaa kwenye neno moja muda ambao kwa kawaida tungemaliza ukurasa mzima, na sijutii hata dakika moja, maana hakuna aliyesahau salary tena, na walipofika kwenye wage na payment na allowance wakawa wanauliza wenyewe tofauti yake ni nini.

Na haikuishia hapo. Kwenye maelezo ya salary kuna mzizi umewekwa linki, *sal-, ukiugusa unakupeleka kwenye ukurasa wa ndugu zake wote. Huu ndo utamu wa hii kitu jamani. Unakuta salt yenyewe, halafu salad, sauce, sausage, salami, wote wa mzizi mmoja wa chumvi. Saladi zamani ilikuwa ni majani yaliyotiwa chumvi, sosi ni kitu kilichotiwa chumvi, soseji ni nyama iliyohifadhiwa kwa chumvi. Sasa pale mezani tulikuwa tumeagiza chipsi, sahani ina soseji, ina sosi ya nyanya, pembeni kuna saladi ya kabichi. Nikazionyesha kwa uma moja moja nikitaja kwa Kiswahili, soseji, sosi, saladi, na wao wakaanza kujibu kwa Kivietnam, xúc xích, sốt, xà lách, wanacheka mpaka wanapiga meza, kwasababu maneno yao hayo wameyapata kwa Wafaransa waliowatawala mpaka 1954, saucisse, sauce, salade, na sisi ya kwetu tumeyapata kwa Waingereza, na wote asili yetu ni chumvi ya Kilatini. Kwao xà lách imebaki kuwa jina la yale majani tu, letusi, lakini njia ni ile ile.

Hebu angalia pia masikio ya watu yanavyofanya kazi. Sisi tulipoipokea sausage tukaiongezea irabu mwishoni ikawa soseji, ndo desturi ya Kiswahili, neno halitulii bila irabu. Wao wakaikata vipande viwili, kila kipande na sauti yake ya juu au ya chini, xúc xích. Ukimwonyesha mwanafunzi hivyo anaelewa kwanini Kiingereza chake kinakwama pale pale kila siku, nitalirudia hili nikifika kwenye matamshi.

Cashew je. Hili nililitafuta kwa ajili ya dada mmoja anayefanya kazi ya kununua korosho, anakwenda kusini msimu ukifika, neno hili analitamka kutwa nzima kwenye simu. Kumbe cashew imetoka kwa Wareno, caju, nao waliipata kwa watu wa Brazil wenye lugha ya Kitupi, mti wenyewe ndo asili yake huko, Wareno wakaubeba kwenye majahazi yao karne ya 16 wakaupanda India na huku kwetu Afrika Mashariki. Na watu wa pwani mnajua, mbali na mkorosho kuna wanaosema mkanju, na kanju. Hiyo kanju ni caju yenyewe! Yani cashew ya Mwingereza na kanju ya bibi yako ni mtu na ndugu yake. Nilipomwambia, yule dada akachukua karatasi akachora bibo, lile tunda la mkorosho, akachora na korosho inaning'inia chini kwa nje, akaandika pembeni đào lộn hột. Sokoni kwao wanasema hạt điều, lakini hilo jina lingine la zamani maana yake ni kama pichi iliyogeuza mbegu ikatoka nje. Ukiangalia ile picha unaona kabisa, matunda yote yanaficha mbegu ndani, hili limeitoa nje. Ile karatasi nimeibandika kwenye daftari langu la masomo.

Wareno hao hao wametuachia meza na leso na gereza, na Wavietnam nao wana alama yao, kwasababu ile alfabeti ya Kilatini wanayoandikia leo imeanzia kwa wamisionari, na kamusi ya Alexandre de Rhodes iliyochapwa Roma mwaka 1651 ilikuwa na Kivietnam, Kireno na Kilatini ndani ya kitabu kimoja. Kwa mwalimu hili lina faida ya moja kwa moja, mwanafunzi wa Kivietnam hahangaiki na herufi, anaandika neno kwenye simu anapata, anaanza kusoma.

Mengine nayataja haraka. Disaster ni nyota mbaya, dis na astro ya Kiitaliano, nyota, imeingia Kiingereza karne ya 16 enzi watu wanaamini nyota zinaendesha maisha. Hapa Dar mtu asielewe vipi wakati kila nguzo ya umeme ina tangazo la kusafisha nyota? Na wao wanayo sao quả tạ, sao ni nyota, mtu akiandamwa na mikosi wanasema ameangaziwa na hiyo nyota. Sekunde mbili neno limeingia. Muscle ni panya mdogo, musculus ya Kilatini, kwasababu msuli ukicheza chini ya ngozi unafanana na kapanya kanakimbia, na wao wakibanwa na misuli wanasema chuột rút, chuột ni panya, rút ni kuvuta, panya amevuta. Fundi mmoja anayecheza mpira jioni alinyanyuka akajishika nyuma ya mguu akaanza kuchechemea huku anasema muscle, muscle, chuột. Soap na sabuni na xà phòng nazo ni familia moja, kwetu imepita kwa Waarabu kwao kwa Wafaransa. Coffee, kahawa, cà phê hivyo hivyo, yote inarudi kwenye qahwa ya Kiarabu.

Kitu kingine kinachonifanya niiheshimu hii tovuti ni kwamba inaua uongo. Wengi wetu shuleni tumekaririshwa kwamba NEWS ni herufi za mwanzo za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza, yani habari kutoka pande zote nne. Inapendeza sana kuisikia, lakini siyo kweli. News ni wingi wa new, mambo mapya, kwa kufuata mtindo wa Kifaransa, na zamani walikuwa wanaiandika newes ambayo haina mpangilio wa hizo pande. Mwanafunzi wangu mmoja naye alikuwa ameshaisoma hiyo stori ya pande nne kwa lugha yake, kwahiyo uongo huu una pasipoti. Tip nayo hivyo hivyo, ile bakshishi ya mhudumu, wanasema ni kifupi cha maneno matatu ya kuomba huduma ya haraka, siyo kweli, na tabia ya kutengeneza neno kwa kuunganisha herufi za mwanzo ilikuwa adimu mno kabla ya karne ya 20. Mimi sasa nikitumiwa stori yoyote tamu kuhusu neno la Kiingereza nakwenda kuangalia kwanza ndo nafowadi, na nawaomba na nyie mfanye hivyo, hasa walimu, maana mtoto akikaririshwa uongo na mwalimu anaubeba mpaka uzeeni.

Jinsi ya kuisoma, maana wengi wanaifungua wanakimbia. Ukiona 14c. maana yake karne ya 14, yani miaka ya 1300 na kitu, siyo 1400, hapo watu wanachanganya sana. Ukiona c. imetangulia mwaka, mfano c. 1300, hiyo ni "takriban", herufi moja kazi mbili, nawaambia wanafunzi waangalie imekaa mbele au nyuma. Kile kinyota kidogo kabla ya mzizi, kama *sal-, maana yake hakuna aliyewahi kulikuta neno hilo limeandikwa popote, wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa kutoka huko, Kilatini, Kigiriki, Kisanskriti, lugha za Kijerumani na nyinginezo. Utaona PIE, kifupi cha Proto-Indo-European, hiyo ndo lugha mama wanayoikadiria. Ukishajua hayo ukurasa unasomeka. Halafu usisome kuanzia juu mpaka chini kama gazeti, nenda kwanza kwenye maana ya zamani kabisa, ndo rudi juu taratibu uone ilivyobadilika.

Sasa mapungufu, na hapa nisieleweke vibaya, mengi siyo ubovu wake, ni mipaka ya kazi yake.

La kwanza, hii siyo kamusi ya maana. Yenyewe imesema wazi kwenye ukurasa wake wa mbele kwamba asili ya neno siyo maana yake, ni maelezo ya neno lilivyomaanisha na lilivyosikika miaka 600 au 2,000 iliyopita. Mfano mzuri ni nice. Asili yake ni Kilatini nescius, asiyejua, na ilipoingia Kiingereza karne ya 13 au 14 huko ilimaanisha mjinga. Leo nice ni nzuri, mtu mwema. Mwanafunzi akibeba asili peke yake anaweza akasita kumsifia bosi wake, au mbaya zaidi bosi akimwita nice, akaenda kumwambia kwamba amemtukana. Kwahiyo kila neno mimi nafungua sehemu mbili, maana ya leo kwanza, asili baadaye. Kwa maana ya leo natumia Cambridge ya mtandaoni, ni bure, ina Kiingereza kwa Kivietnam, na ina sauti ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani.

Hiyo sauti ndo la pili, kwasababu Etymonline imekaa kwenye maandishi, matamshi siyo kazi yake. Kwa Mvietnam hili ni kubwa kuliko mnavyodhani. Kivietnam neno haliishii na l wala s, linaishia na sauti chache tu, kwahiyo salt ikitoka mdomoni inakuwa so fupi, mouse inakuwa mao, cashew ndo inatoka vizuri kwasababu mwisho wake ni wazi. Sisi tunakimbilia kuongeza irabu, wao wanakata mwisho. Ukimpa asili ya neno bila kumsikilizisha linavyotamkwa umempa stori nzuri ambayo hataweza kumsimulia mtu. Mimi baada ya stori tunakaa kwenye ile lt ya mwisho mpaka isikike, hata kama majirani wanasikia salt, salt, salt kupitia dirishani. Window kwa taarifa yenu ni jicho la upepo, kutoka kwa watu wa Skandinavia, vindauga. Samahani, hili nimeshindwa kulipita.

La tatu ni lugha. Maelezo yameandikwa kwa Kiingereza kizito kidogo, kina vifupisho na majina ya lugha zilizokufa, kwahiyo kwa mtu anayeanza kabisa, yule wa this is a book, usimpe hii kitu, utamkatisha tamaa. Ni ya mtu ambaye tayari anaweza kusoma barua pepe ya kazini akaelewa kwa shida. Kwa wa chini ya hapo asome mwalimu, awasimulie. Mimi kwa wengi nafanya hivyo, nasoma mwenyewe usiku, nachagua maneno machache yenye stori, napiga skrinishoti natupia kwenye grupu wakiwa nyumbani, asubuhi nakuta wameshaanza kubishana.

La nne, upande wa Kiswahili na wa Kivietnam utaujaza mwenyewe. Ni kamusi ya asili ya Kiingereza, haiwezi kukwambia mshahara umetoka wapi au lương imetoka wapi. Kwa Kiswahili mimi nina ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ina vifupisho vya lugha ya asili, ukiona Kar ujue ni Kiarabu. Kwa Kivietnam wanafunzi wenyewe ndo kamusi yangu, na nadhani hapa ndo faida kubwa zaidi ilipo, kwasababu kwenye darasa la kawaida mwalimu anajua kila kitu na mwanafunzi anapokea, lakini ukifungua asili ya neno, mwanafunzi ana cha kuleta. Yule mhasibu mkimya ameongea zaidi kwenye stori ya lương kuliko kwenye mazoezi yote ya sarufi niliyowahi kumpa.

Kuhusu gharama, jilinganishieni wenyewe. Kamusi kubwa kuliko zote ya historia ya Kiingereza, ile ya Oxford, toleo la pili la 1989 lina juzuu 20, na mtandaoni kuitumia yote inabidi ulipie. Kwa mwalimu wa tuisheni wa Sinza au Tabata hiyo hela haipo, na hata vitabu vya mitumba pale Posta ukibahatika kupata kamusi ya asili ya maneno ni bahati kweli. Etymonline unaifungua kwenye daladala. Kurasa zake ni maandishi karibu zote, hazili bando kama video za kujifunza Kiingereza ambazo kabla hujafika dakika ya tano MB zimeisha. Kwa mtu mwenye simu ya kawaida na bando la siku hii ni nafuu ya kweli, na nasema hivyo nikifikiria pia walimu wa shule zetu ambao hawana Wavietnam darasani ila wana watoto wa form one wanaotoka Kiswahili kuingia Kiingereza ghafla, karibu masomo yote yamebadilika lugha kwa likizo moja. Hao watoto wana soseji na sosi na sabuni na sukari na sifuri tayari mdomoni mwao. Zero na sifuri zote ni sifr ya Kiarabu, sugar na sukari ni njia moja kutoka Kisanskriti kupitia Uajemi na Uarabuni. Mtoto akionyeshwa kwamba nusu ya ugeni wa Kiingereza ni ndugu zake anaowajua atakaa darasani kwa mgongo ulionyooka, na hili naliamini kwa moyo wangu wote.

Nusu nyota nimeikata kwa huo uzito wa maelezo, kwasababu wanaoihitaji zaidi, watu wa lugha nyingine, ndo wanaopata tabu zaidi kuisoma bila mtu wa kuwashika mkono. Zingine zote nimetoa.

Na kama unataka kuijaribu na mgeni wa Asia kwa mara ya kwanza anza na tea. Mpe kikombe kwanza. Etymonline itakupeleka China, kwenye lahaja ya pwani ya Fujian wanakosema te, Waholanzi wakaibeba kwa meli mpaka Ulaya ikawa tea, wakati upande mwingine wa China wanasema cha, hiyo ikapita nchi kavu kwenda Uajemi na India mpaka ikatufikia sisi ikiwa chai. Mvietnam atakwambia kwao ni trà, na pia ni chè, inategemea na mtu katoka mkoa gani, na zote ni za upande wa cha. Kwahiyo kwenye hiyo meza Mwingereza ndo mgeni, nyie wawili mmetoka njia moja, na mwanafunzi akishagundua hilo mwache yeye ndo achague neno linalofuata.